Sita kwa Tano

Bruxelles, septembre 1996

Yaya Donat, kaka yangu mukubwa,

Mutoto wangu Jémima anarefuka, viatu vyote vinamubana. Bon, nilifanya mutihani wa shule ya wauguzi. Swali ya mwisho: kwa kila banafunzi banaume tatu kuko banamuke mbili. Banaume banaongezeka asilimia makumi mbili, banamuke asilimia makumi tano. Sasa ni bangapi kwa bangapi? Nilifanya vile ulinifundisha: tatu nukta sita kwa tatu, donc sita kwa tano.

Mwalimu alicheka na furaha. "Très bien, madame!" Kisha akafungua dosye, faili yangu. "Lakini karatasi zako za kukaa huku zimeisha. Hatuwezi kukuandika."

Niliomba zingine, yaya. Watu wa serikali walishakatala mara mbili. Usimwambie maman.

Jémima aliniuliza nitaanza masomo lini. Nilimujibu, Jumatatu.

Mudogo wako,
Lucienne