Shikamoo ya Uwanjani

Mjukuu wangu Salimu,

Marahaba. Hapa Mandewa tu wazima, alizeti imekomaa, na bibi yako anawatangazia majirani wote kwamba unacheza kriketi ya siku nne dhidi ya nchi nyingine zinazochipukia katika mchezo huo.

Unauliza kama uache kuwaamkia waamuzi wazee, maana kocha anasema unaonekana mshamba.

Nilipokuwa kijana tulicheza na wageni kutoka Dodoma. Nilikuwa nimeupiga mpira, wageni wakaukimbilia, mara rafiki wa baba yangu akapita kando ya uwanja na ng'ombe wake. Nikatoka kwenye mstari wangu, nikainama. "Shikamoo, mzee."

Ukiwa nje ya mstari, wakigonga kwa mpira vile vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yako, umetoka mchezoni. Wakavigonga. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Nahodha wao akaniambia, "Salamu ingesubiri."

Nikamjibu, "Haisubiri. Wewe umepata vijiti, mimi nimepata marahaba."

Tuliporudiana nao, mzee yule akapita tena, nadhani makusudi. Nikamwamkia kwa sauti kubwa kuliko mara ya kwanza, ila mguu mmoja niliuacha nyuma ya mstari. Mpira ukagonga vijiti, wageni wakashangilia, mwamuzi akatikisa kichwa: sijatoka. Nikaendelea kupiga hadi jioni.

Kwa hiyo waamkie. Kocha akinuna, mwambie umetumwa na babu yako wa Singida. Wanaocheka waache wacheke.

Wewe chunga mguu tu.

Babu yako,
Mzee Hamisi