Avokado za Upande Wako

Mume wangu mdogo,

Shangazi yako ndiye anaandika, mimi nasema tu, na nimemwonya asinipambie maneno. Watu wa huko Qatar wakikuuliza kwa nini nyanya yako anakuita mume, waambie umebeba jina la babu yako, guka wako, na kwetu jina hilo linakuja na mke mzee, upende usipende.

Unakumbuka asubuhi ile ulipopanda na msumeno juu ya mwavokado wa guka wako, pale nyuma ya jikoni? Nilitoka na mwiko mkononi. "Wewe, huo mti umekukosea nini?" Ukacheka. "Cucu, nakata upande mmoja tu. Huo mwingine nakuachia na avokado zako za maji." Za maji! Hizo za maji ndizo zilikunenepesha mashavu, ukizila na githeri mpaka unalala ukiwa umeketi.

Pale ulipokata ukachomeka vijiti vya avokado aina ya Hass ulivyotoa Kangema, ukavifunga kwa nailoni polepole, kama mtu anayefunga kidonda cha mtoto. Ukaniambia matunda yatakuwa kijani, halafu yakiiva yanageuka meusi. "Zikiwa nyeusi, cucu, nitakuwa hapa tuzile pamoja." Nililishika neno hilo. Guka wako hakuwahi kunidanganya, na wewe ni yeye.

Vijiti vilishika. Mwaka huu upande wako umezaa. Kila asubuhi nikienda kukamua nilikuwa natazama juu. Kijani. Wanunuzi wakaja na kreti zao, nikawafukuza: "Hizo ziko na mwenyewe." Baridi ya mwezi wa saba ikapita na ukungu wake. Zangu zikaanguka, ng'ombe akala. Zako bado kijani.

Ndipo jirani akanicheka kutoka ng'ambo ya ua. "Wee mama, hizo hazigeuki zikiwa juu! Ni mpaka uchume, uziweke ndani."

Ningechuma siku hiyo hiyo, lakini sikuchuma. Nilikaa kwenye kigoda nikawaza: zikiwa juu zitabaki kijani, na zikibaki kijani, wewe hujachelewa. Ukapiga simu ukasema tena, "Mwaka ujao, cucu." Nikatazama mti, nikakwambia sawa.

Lakini mti nao unachoka. Umetoa maua mapya na bado umebeba matunda ya zamani, na tawi lako limeinama hadi linakwaruza mabati ya jikoni upepo ukivuma. Nilisikia kabisa vile guka wako angenigombeza: "Wewe mwanamke, huoni umeuchosha?"

Juma lililopita nikapanda ngazi. Shangazi yako alishika chini akipiga kelele ati nitavunjika kiuno. Nikamwambia kiuno ni changu. Nimezitandaza kwa gunia chini ya kitanda, pale guka wako alikuwa anaivisha ndizi, na chumba kizima kinanuka kama siku ulizokuwa hapa.

Leo asubuhi nimepiga magoti nikazipapasa. Moja imeanza kugeuka karibu na kikonyo. Nimeisogeza ukutani kwenye baridi ipunguze haraka, lakini haitanisikiliza, na mimi pia siko mbali na kuiva. Sikufichi.

Chumvi ninayo. Njoo.

Mke wako mzee,
Cucu