Bei za Sukari Nilizokusomea

Tata,

Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani na nimekaa barazani na daftari lako la nyumbani, lile la jalada la bluu ulilolishona kwa uzi wa gunia. Mvua haijakatika tangu Alhamisi. Mama yuko jikoni anamenya ndizi za mbalaga, na amefunga mlango ili asinione nikiandika, ingawa ni yeye aliyeniambia nikuandikie. Nilikuwa nadhani kumwandikia baba aliyekwisha kuzikwa ni mambo ya watu wa mjini wenye karatasi za kuchezea. Nisamehe kwa hilo.

Nianze na habari za hapa, maana hukupenda mtu aingie kwenye jambo zito kabla ya salamu. Ndaga, Tata. Migomba ya upande wa mtoni imezaa sana mwaka huu na bei yake ni ya kutia huruma. Mimi bado nafundisha darasa la sita palepale Kyimo, na mshahara unakuja unapotaka wenyewe. Maduka ya Tukuyu yamejaa. Sabuni za kila rangi, mafuta ya taa kila kona, sukari imefunguliwa kwenye magunia mbele ya duka, ukitaka kilo unapimiwa kilo. Hakuna foleni, hakuna kibali, hakuna kumbembeleza mtu. Kilichobaki kuadimika ni fedha ya kununulia. Mama hatii tena sukari kwenye chai. Nilimuuliza, akasema ameikinai.

Kiwanda cha chai kinafanya kazi zamu moja sasa. Gawio la kwanza la zile hisa lilipotoka, unakumbuka, jirani yetu Mzee Ambakisye alinunua chumvi na kiberiti, likaisha. La pili halikutoka kabisa. Bei ya chai huko nje ilianguka, na waliokuwa na shida wakauza hisa zao kwa theluthi ya walichotoa. Mzee Ambakisye ni mmoja wao. Wale ng'ombe wake wawili, yule mweusi na yule wa mabaka uliyekuwa ukimsifia, aliowauza ili anunue hisa, waliondoka hivyo. Hapiti tena njia ya mbele ya nyumba yetu. Anazunguka kwa kule mtoni, mtu wa umri wake, kwenye utelezi, ili asipite mbele ya kaburi lako.

Na kuna neno linalosemwa, Tata. Ningeweza kukuficha, lakini nimechoka kukuficha mambo. Wanasema karani alilishwa. Wanasema wale mabwana wa kuuza hisa walikupa bahasha ili uwashawishi wakulima. Mara ya kwanza nililisikia kwenye banda la kupimia chai, mtu hakujua kuwa nimesimama nyuma yake. Mara ya pili mama aliambiwa usoni, bombani, akarudi na ndoo tupu.

Wewe, uliyerudisha kalamu ya kiwanda siku ya kustaafu. Miaka ishirini na minane ya kuandika hesabu za watu na hukuwahi kuja nyumbani hata na bahasha ya kaki.

Naikumbuka siku waliyokuja wale mabwana na gari na ubao. Waliandika faida ya mwaka uliopita, wakaigawa kwa idadi ya hisa, wakasema kila hisa itakuwa imejilipa ndani ya miaka minne. Watu wakapiga makofi. Wewe ukasimama kule nyuma na koti lako la mvua, ukauliza kwa nini mwaka mmoja tu, tena mwaka ambao mvua ilinyesha vizuri na bei ya chai ilipanda. Ukasema, "Mwaka mmoja haunitoshi kumjua mchumba wa binti yangu, sembuse kiwanda." Watu walicheka, nami nikaona aibu, maana wote walijua habari za yule mchumba. Lakini walikusikiliza. Ukawaomba wasitoe hata senti kabla hujawaletea jibu, na wakakubali kusubiri wiki mbili. Hakuna mtu mwingine Kyimo ambaye angepewa wiki mbili.

Ulinifundisha hesabu ile kwenye meza ya chakula, na mpaka leo naona ndiyo hesabu safi kuliko zote nilizowahi kufundishwa. Ulitaka faida za miaka kumi na mitano, ya mvua na ya ukame, ya bei nzuri na ya bei mbovu. Ulikuwa nazo zote, ulizinakili mwenyewe kila mwisho wa mwaka. Lakini shilingi ya mwaka wa kwanza haikuwa shilingi ya mwaka wa mwisho, na ulisema kuzijumlisha zilivyo ni sawa na kujumlisha vikapu na magunia. Kila faida ya zamani ilitakiwa iletwe kwenye shilingi za leo. Kama sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya taa vimepanda mara thelathini tangu mwaka ule, basi na faida ya mwaka ule uizidishe mara thelathini. Halafu unajumlisha yote, unagawa kwa kumi na tano, unapata faida ya mwaka wa kawaida. Hiyo unaigawa kwa idadi ya hisa, na bei ya hisa ukiigawa kwa jibu hilo, unajua hisa itajilipa kwa miaka mingapi. Ikiwa chini ya kumi na miwili, nunua. Ikizidi kumi na mitano, waachie wenyewe.

Tatizo lilikuwa bei za zamani. Mimi nilisema tutumie zile zilizotangazwa na serikali. Ukakataa. Ukasema orodha ya serikali imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kutumwa dukani, na kwamba wewe unazo bei za kweli, zilizolipwa na nyumba hii. Ukaleta daftari hili. Kila Jumamosi kwa miaka yote ile ulimuuliza mama amenunua nini na kwa kiasi gani, ukaandika. Macho yako yalikuwa yameanza kufifia, ukanipa mimi nisome.

Nikasoma, Tata. Sukari, kilo moja, bei hii. Sabuni, mche mmoja, bei hii. Nilisoma moja baada ya nyingine kwa sauti ya darasani, nawe ukaandika, na bei zote za miaka ya foleni zilikuwa za uongo, na mimi nilijua.

Ndiyo nimeshasema.

Unakumbuka duka la ushirika lilivyokuwa miaka ile. Bei ilikuwa imeandikwa ukutani kwa chaki, nzuri kabisa, na nyuma ya kaunta hakuna kitu. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa, ulisimama mbele ya watu ukasema anayenunua kwa mlanguzi ni mwizi sawa na mlanguzi mwenyewe, na nyumbani ukasema bora tunywe chai kavu mpaka siku ya kufa. Tulikunywa chai kavu wiki tatu. Wiki ya nne mama alibeba ndizi mpaka sokoni Tukuyu, akaziuza, akanituma kwa Bi Zuhura, mke wa fundi cherehani, wale ambao wazee wao walitoka Kilwa. Niliingia kwa mlango wa uani. Bi Zuhura akanifungia sukari kwenye kipande cha kanga, akanipa na kashata. Ilikuwa mara tatu ya bei ya ukutani, wakati mwingine mara nne. Jumamosi ulipouliza, mama akakutajia bei ya chaki. Ukafurahi. Ukamwambia, "Mama Tusekile, ukijua kupanga foleni, nchi hii ina kila kitu." Mama akainama kuchochea moto.

Ikawa hivyo miaka saba. Sukari, sabuni, mafuta ya taa. Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza kwenda, nilipoacha nilikuwa mwanamke.

Sasa unaona kosa liliingilia wapi. Bei ya kweli ya sukari ilikuwa imepanda labda mara kumi tangu miaka ile. Kwa bei za daftari, ilionekana imepanda mara thelathini. Kwa hiyo faida za miaka ya foleni, zilizokuwa nyembamba, tukazizidisha mpaka zikanenepa, na wastani wote ukanenepa nazo. Ulipogawa, jibu likaja miaka kumi. Ulikagua mara tatu. Ukasimama mbele ya wakulima ukawaambia wale mabwana wamesema minne, mimi nasema kumi, lakini kumi bado ni bei ya haki. Kwa sababu ulipunguza maneno ya wauzaji, watu wakakuamini zaidi. Mzee Ambakisye aliuza ng'ombe wiki hiyohiyo.

Ungeniuliza kwa nini sikusema pale mezani. Nimejiuliza sana. Nilijiambia ni mambo ya zamani, sukari kidogo haiwezi kugeuza hesabu ya kiwanda. Huo ni uongo, mimi ni mwalimu wa hesabu, nilijua inageuza. Ukweli ni kwamba mama alikuwa amekaa pale akichambua maharage, na mikono yake ilisimama nilipofungua ukurasa wa kwanza. Nilimtazama, akanitazama. Niliona nikisema, ninyi wawili mtaishi uzee wenu kila mtu na upande wake wa nyumba. Nikachagua nyumba yetu, nikawasahau wakulima wa watu.

Na sikukuokoa hata wewe. Gawio lilipogoma, uliacha kwenda kwenye banda la chai. Kifua kikakubana, ukalala, na kitandani ukaomba karatasi zako. Ulizipitia zote kwa kioo cha kukuzia maandishi, safu baada ya safu. Kila jioni uliniuliza, "Mwanangu, nilikosea wapi?" Nami nilikujibu, "Hukukosea, Tata." Ulidhani nakubembeleza. Ulikufa unaamini kuwa akili yako ilichakaa bila wewe kujua, na kwamba imewachukulia jirani zako ng'ombe. Hilo ndilo linaloniamsha. Kifo nimekizoea, nakwambia kweli, tumezika wengi. Ila ule uso wako kwenye zile karatasi sijauzoea.

Kwenye msiba wako Bi Zuhura alileta gunia zima la sukari kwa ajili ya chai ya waombolezaji, akakataa kulipwa. Tulikutana nyuma ya jiko. Akanishika mkono akasema, "Baba yako kanywa sukari yangu miaka saba, na salamu yangu hakuijibu hata siku moja. Mungu amrehemu." Hakusema kwa ubaya. Alilia kuliko baadhi ya ndugu zetu.

Ilipopita miezi miwili nilimfuata Tukuyu na daftari hili. Bi Zuhura hajasoma sana lakini kichwa chake ni sanduku. Alinitajia bei ya kila mwaka kwa kukumbuka harusi na mazishi: mwaka alioolewa binti yake mkubwa sukari ilikuwa hivi, mwaka alipofariki shemeji yake sabuni ilikuwa hivi. Nikarudia hesabu yako yote, kwa njia yako, hatua kwa hatua, sikubadilisha chochote isipokuwa zile bei. Jibu likaja miaka kumi na tisa.

Kumi na tisa, Tata. Ungesimama mbele ya watu na koti lako ukawaambia waachie wenyewe. Ng'ombe wa Mzee Ambakisye wangekuwa zizini.

Nilimwonyesha mama karatasi ile. Hasomi tarakimu, ikabidi nimweleze, na wakati namweleza nilitamani aniulize maswali, anikatize, chochote. Maharage yaliungua jikoni, akaenda kuyaepua. Halafu akasema, "Polisi sikuwaogopa, mwanangu. Niliogopa uso wake." Siku tatu hakutoka nje. Siku ya nne aliniambia nikuandikie, na kwamba watu wanaokuita mla bahasha lazima waambiwe.

Mkutano wa wakulima ni Jumamosi ijayo, kwenye banda la chai. Nilisema nitasimama mimi, ni kosa langu, nilikuwa mtu mzima niliyeshika daftari. Mama amekataa. Anasema aliyekudanganya kila Jumamosi ni yeye, na atalisema kwa mdomo wake mwenyewe, kwa Kinyakyusa, ili hata wazee wasiojua Kiswahili wasikie. Wako watakaomcheka. Wako watakaomtukana, na wengine watadai ng'ombe wao kwake, na hatuna ng'ombe. Bi Zuhura amesema atakuja, ingawa hana hata mche mmoja wa chai.

Nakuaga, Tata. Sikuombi unisamehe kwa sababu hukuwahi kuniuliza kwa hasira, uliniuliza kwa upole tu, na hilo ni gumu zaidi kulibeba. Nakuahidi kwamba mama akisimama Jumamosi, nitasimama ubavuni kwake na karatasi mbili, ya kumi na ya kumi na tisa, na nitasoma bei zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, za kweli. Nitaanza na jina lako kamili, kisha nitawaambia kuwa mtu huyu hakukosea hata mstari mmoja. Aliwaamini mkewe na binti yake.

Mwanao,
Tusekile