Maneno Chini ya Picha

Mume wangu, raha yangu,

Tangu uende kambini kwa wakimbizi kumuuguza shangazi yako, yule aliyekimbia Burundi akapitia Kagunga, nyumba yetu hapa Gungu imekuwa kubwa mno. Nakuandikia kwa simu ili simu yako ikusomee. Naionea wivu: itakunong'oneza sikioni, na mimi niko huku!

Unakumbuka zawadi ya mama? Kwetu bwana harusi humchagulia mama mkwe kitenge mwenyewe. Nikakwambia twende soko la Mwanga nikuchagulie, ukakataa. "Ukichagua wewe, zawadi inakuwa yako. Macho sina, lakini ninajua ninachokipenda." Mungu wangu, nilikupenda upya!

Ukaingia kwenye duka la mtandaoni, mimi ukanifukuzia jikoni. Nikasikia simu ikikusomea: "Picha. Picha. Picha. Kitufe." Rangi haitajwi, maua hayatajwi, hata jina la kitambaa halipo. Ukabonyeza kwa imani tu.

Kumbe ni pazia! Shangazi yangu alipolikunjua mbele ya wageni akapaza sauti: "Jamani, mkwe katuletea pazia! Anamvisha mama au dirisha?" Watu wakacheka, nawe ukacheka. Lakini nilikuwa nimekushika mkono, na mkono ule haukucheka.

Mama akasema, "Acheni maneno. Hili ni gauni langu." Akalishona kweli, akaenda nalo kanisani. Ukamwita "mabukwe wa madirishani", naye mama mkwe wako akacheka mpaka machozi. Nawapenda nyote wawili, jamani!

Mkono ule lakini sikuusahau. Ulipoondoka nikamfuata mwenye duka lile, dada mmoja wa Mwanga.

"Kipofu anataka vitenge vya nini?" akaniuliza.

"Kwani yeye na mkewe wanatembea uchi, dada?"

Akacheka, akanisogezea kiti. Tukaandika maneno chini ya kila picha: kitambaa gani, rangi gani, maua gani, kizito au chepesi. Na kitufe cha kununua sasa kinajitaja kwamba ni cha kununua. Oda zikaanza kuja hata kutoka kwa bibi wenye macho hafifu, na kwa watu ambao mtandao wao hauwezi kufungua picha. "Kumbe nilifunga mlango mwenyewe," akasema, "halafu nalalamika wateja hawaji."

Leo asubuhi akanipigia simu. Kuna oda kutoka kambini: kitenge chepesi cha zambarau, chenye ndege weupe. Maelezo yako yalisema, "Ni cha mke wangu. Msimwambie." Dada wa watu hakuweza kunyamaza! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akatoka nje.

Nikakimbilia dukani kukichukua, na sasa nimejifunga hivyo hivyo, hakijashonwa. Mimi ningechukua chekundu, mpenzi, unanijua. Zambarau nisingeigusa. Na ndiyo maana sitaki kukivua: hiki umekichagua wewe.

Msalimie shangazi, apone, unirudie upesi.

Mkeo, aliyevaa zambarau