Shemeji Hulikuta Gari Limeshapoa

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unisome hadi mwisho, maana shida yangu ni ya gari lakini si ya gari tu.

Mimi ni mjane, kazi yangu kushona mapazia. Mume wangu alipofariki, mdogo wake, ambaye ni fundi magari, hakuniacha: alilitoa gari la marehemu chini ya turubai, gari kuukuu ambalo wenzake wengi wameshauzwa vyuma chakavu, akalifufua, akanifundisha kuliendesha yeye akiwa pembeni kaikamata breki ya mkono kwa mikono miwili, na mpaka leo nikimtajia malipo ananiambia, "Shemeji, usinitukane." Kwa gari hilo napeleka mapazia kwa wateja, na kwa gari hilo nampeleka mama mkwe, yaani mama yao, hospitali kusafishwa figo, kwa hiyo kila nikiliwasha namshukuru Mungu na namshukuru shemeji, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Gari linamisi. Likiwa baridi halina neno, lakini likishatembea likapata moto, nikikanyaga mafuta linasita kwanza kama mtu aliyeitwa naye hataki kuitika, halafu linaanza kurukaruka, na mama mkwe alikuwa ameshalizoea, akawa anasema, "Leo lina kwikwi, lipe maji ya kunywa," tukacheka tukaendelea. Likizidi naenda gereji kwa shemeji, lakini nakuta wateja wake wamejipanga, na mimi siwezi kuwatangulia watu wanaolipa ilhali mimi wa nyumbani sitoi kitu, basi naegesha nyuma kabisa, nazima, nakaa kwenye benchi. Yeye ananipigia kelele kutoka chini ya gari la mtu, "Shem, lilete basi nilione!" nami namjibu, "Maliza ya watu kwanza, mimi sina haraka." Akinifikia, anawasha, injini inanguruma kwa utulivu, haisiti wala hairuki, naye anabaki kukisia. Ameshabadilisha plagi, ameshasafisha kabureta, ameshaweka waya mpya za plagi, na kila mara baadaye ananipigia simu, "Vipi, limepona?" nami nasema limepona, kwa sababu namwonea haya mtu aliyenitendea yote hayo, na mama mkwe naye kaniambia, "Usimvunje moyo mwanangu."

Juzi tulikuwa tunatoka hospitali, mama kachoka hata shingo haikai, gari likazimika katikati ya makutano na lori linakuja. Dereva wa lori alikanyaga breki mpaka matairi yakalia. Mama hakutania siku hiyo, alinishika mkono tu. Watu walitusukuma pembeni, tukakaa, nikajaribu tena, likawaka kana kwamba halikufanya kitu.

Mteja wangu mmoja amenielekeza gereji nyingine. Je, niende kwa siri? Na shemeji akija kujua, nitamtazama kwa macho gani? Au nivumilie tu, maana gari lenyewe ni zawadi?

Ni mimi, Shemeji Mtu.

*

Shemeji Mtu,

Marahaba, na pole kwa yaliyowapata pale makutano. Umepata shemeji ambaye wajane wengi wanaoniandikia hawakumpata, na mama mkwe anayekutania badala ya kukusema. Unashukuru, na una haki ya kushukuru. Baada ya hapo, nina ugomvi na wewe.

Mimi si fundi. Kwa hiyo barua yako nilimsomea fundi wa umeme wa magari ambaye hamjui shemeji yako wala hakujui wewe. Nilipofika kwenye ile foleni, alinikatiza.

"Akiegesha, anazima?"

"Anazima."

"Halafu anakaa kwenye benchi?"

"Anakaa."

Akacheka mpaka akaweka spana chini. "Mama wa watu anasubiri homa ishuke ndipo ampeleke mgonjwa kwa daktari! Huyo shemeji hata angekuwa bingwa, atatibu nini?"

Alinieleza hivi. Gari linalokwenda vizuri likiwa baridi, likasita na kumisi likiwa la moto, kisha likapona lenyewe likipoa, humfanya ashuku koili kwanza, ile inayozalisha umeme wa kuzirushia plagi cheche. Koili iliyozeeka huchoka ikipata joto, na ikipoa hurudi kazini. Lakini alinionya nisiandike kwamba ni koili, kwa sababu hajaliona gari. Huenda ni petroli isiyofika vizuri injini ikishapata moto. Cha kufanya ni kuipima cheche wakati huohuo gari linapomisi. Cheche ikiwa dhaifu, shemeji afuate umeme. Ikiwa na nguvu, afuate petroli: chujio, pampu, mipira. Plagi, kabureta na waya alizoshughulikia shemeji yako, yote yalikuwa makisio ya mtu mwenye akili aliyenyimwa habari.

Na aliyemnyima ni wewe. Kwanza unampelekea injini iliyopoa, halafu unamwambia limepona. Anakuamini, analifuta jambo kichwani, analala usingizi, na mama yake mzazi anarudi kukaa kwenye kiti kilekile. Hiyo unaiita heshima? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na siku ile pale makutano kilikuwa njiani kinakuja. Mama mkwe naye mfikishie salamu zangu: moyo wa mwanawe hautavunjwa na koili.

Gereji nyingine usiende kwa siri. Mji wenu una mafundi wangapi hata shemeji asisikie? Akishindwa baada ya kulikuta gari likiwa linaumwa, yeye mwenyewe atakwambia lipelekwe wapi, na mafundi hufanya hivyo kila siku bila kununiana.

Kuanzia leo mama asipande gari hilo. Kwenda hospitali apande teksi, nawe usilitembeze peke yako kwenye njia zenye malori. Leo hii mpigie shemeji kabla hujaanza cherehani, umwambie bila kuzunguka: "Shemeji, halikupona hata mara moja. Nilikuonea haya. Likipata moto linamisi, na juzi lilizimika mama akiwa ndani." Pengine atafoka. Mwache afoke, ana sababu. Kisha mwombe aje yeye lilipo gari, aliendeshe mwenyewe mpaka lianze kurukaruka, afungue boneti palepale.

Siku ikitokea umelipeleka wewe, wateja wakiwa wamejipanga, pita mbele yao wote na usizime. Omba radhi ukiwa tayari mlangoni. Ahsante ameshazipata nyingi, shemeji yako. Mpe injini ya moto.