Kikao cha Dharura Kuhusu Utitiri Kwenye Mti wa Amaro

Wanachama wenzangu, nisameheni. Kumbukumbu hizi zilitakiwa ziwafikie siku tatu baada ya kikao. Leo ni Jumatatu tarehe 24 Machi, siku ya tisa. Amaro alianguka kifafa mara mbili wiki iliyopita, na mara zote mbili daftari lilikuwa mezani limefunguliwa. Nimeandika kwa vipande vipande. Palipoingia doa la maziwa bado panasomeka, nimehakiki.

CHAMA CHA WAZAZI WAKUZA DAWA, PUTAENDO
Kikao kilifanyika Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, ghalani kwa don Custodio Vergara, kuanzia saa 4:15 asubuhi.

WALIOHUDHURIA
1. Bi Ercilia Olmos, Mwenyekiti, bibi yake Rayén
2. Bi Jimena Astorga, Mpika mafuta ya dawa, mama yake Gaspar
3. Don Custodio Vergara, Mwenye shamba, babu yake Fermín
4. Bi Maritza Lobos, Mshika zamu wa wiki, mama yake Benicio
5. Yasna Farías, Katibu, mama yake Amaro

WASIOHUDHURIA
Familia sita zilizobaki. Wote wako kwenye mavuno ya zabibu na walitoa taarifa.

KUMB. NA. 1/4/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwataka wote waache viatu, makoti na mikoba nje ya mlango na kuvaa aproni zilizochemshwa. Don Custodio alieleza kwamba katika miaka yake sabini na moja hajawahi kumvulia mdudu kofia. Aliivua. Aliuliza pia kama watu watano wanaweza kuamua mambo ya familia kumi na moja. Mwenyekiti alijibu kwamba utitiri haungoji akidi, na kwamba kwa joto hili yai la leo ni mama wiki ijayo. Hakuna aliyeuliza tena habari ya akidi.

KUMB. NA. 2/4/2025: TAARIFA YA ZAMU
Bi Maritza alieleza kwamba Alhamisi tarehe 13, wakati akimwagilia, aliona majani ya chini ya mti wa Amaro yana vidoa vyeupe kama yaliyodungwa kwa ncha ya sindano. Mti huo uko mwisho wa mstari wa kusini, upande wa barabara ya vumbi. Alipogeuza jani aliona nyuzi.

Mwenyekiti aliuliza kama hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuviona. Bi Maritza alisema aliviona tangu Alhamisi ya kabla yake, akadhani ni vumbi la barabara, akavipangusa.

Kwa wanachama wapya: kila mbangi katika bustani yetu una kibao chenye jina la mtoto utakayemtibu. Tangu chama kianze, mwenye zamu hupangusa majani ya kila mti kwa kitambaa chenye maji, akiusalimu kwa jina la mtoto huyo na kuuliza ameamkaje. Haimo kwenye kanuni. Tumeizoea tu.

Bi Jimena aliuliza vilitumika vitambaa vingapi. Bi Maritza alijibu kimoja. Aliulizwa alianzia mti gani. Alijibu alianzia kwa Amaro, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mchafu kuliko wote.

Bi Jimena alisema, na aliomba iandikwe: "Basi umewaosha wote uso kwa maji ya mgonjwa, mwenzangu."

Bi Maritza alijibu kwamba sote tumefanya hivyo, na kwamba zamu ya Februari Bi Jimena mwenyewe alitumia kitambaa kile kile cha bluu. Mwenyekiti alithibitisha kuhusu kitambaa cha bluu. Bi Jimena hakuomba hilo liandikwe, lakini limeandikwa.

KUMB. NA. 3/4/2025: MATOKEO YA UKAGUZI
Kabla ya kikao, tawi moja la kila mti lilikung'utwa juu ya karatasi nyeupe na karatasi kutazamwa kwa lenzi. Miti sita ilikuwa safi: wa Fermín na ya familia tano kati ya sita zisizohudhuria. Miti ya Rayén, Benicio, Gaspar na ule wa familia ya Tapia ilikuwa na nukta kati ya mbili na tisa zinazotembea.

Kwa mti wa Amaro, Katibu aliandika "nyingi". Mwenyekiti alimtaka aandike alichokiona. Aliona karatasi nzima inatembea. Ua la kileleni limefunikwa utando, na utitiri umerundikana kwenye ncha yake hadi ncha imekuwa na rangi ya kutu. Bi Jimena alieleza maana yake: ukirundikana hivyo, chakula kimekwisha, unangoja upepo uubebe. Aliongeza kwamba upepo wa mchana hapa huvuma kutoka kusini kwenda kaskazini, yaani kutoka kwa Amaro kwenda kwa wengine wote.



KUMB. NA. 4/4/2025: HOJA YA SUMU
Don Custodio alitoa hoja kwamba bustani yote ipuliziwe dawa anayotumia kwenye nyanya, ambayo inaua kwa siku moja. Alisema: "Mama zangu, ninyi mnaogopa chupa kuliko mdudu. Nyanya zangu mmezila miaka yote, nani kafa?"

Bi Jimena alijibu: "Nyanya inaoshwa, don Custodio. Ua haliwezi kuoshwa. Ndoo mbili za maua zinanipa kikombe kimoja cha mafuta, na ulichopuliza chote kitakuwa ndani ya kikombe hicho. Halafu utamdondoshea Fermín chini ya ulimi." Alieleza kwamba hata sabuni na mafuta ya mwarobaini vilifaa kabla ya maua, si sasa zikiwa zimebaki wiki tatu kuvuna.

Mwenyekiti aliomba kuiona chupa. Ililetwa. Aliuliza kwa nini muhuri umekatwa na chupa imepungua.

 Don Custodio alisema kwamba Ijumaa alfajiri alijaza pampu, akaibeba mgongoni hadi mwanzo wa mstari. Mti wa kwanza hapo ni wa Fermín. Alisoma kibao, akasimama mpaka jua likatoka, kisha akaenda kuimwaga kwenye shimo kavu nyuma ya banda la kuku. Hakufungua bomba hata mara moja. Bi Jimena aliuliza watajuaje. Alijibu kwamba hawana namna ya kujua, ila mjukuu wake naye atayanywa mafuta hayo.

Bi Jimena alitoka, akanusa maua ya miti minne ya mwanzo, akarudi na kusema hana hakika, lakini hasikii kitu. Kikao kiliamua kumwamini don Custodio. Bi Maritza aliomba ionekane kwamba ameamini kwa sababu hana la kufanya.

AZIMIO: Chupa na pampu viondoke shambani siku hiyo hiyo.

KUMB. NA. 5/4/2025: KUNG'OA MTI
Mwenyekiti alisema kwamba mti wa Amaro hauwezi kuponywa na unabaki kuwa hatari kwa mingine kumi. Aliomba mjumbe atoe hoja ya kuung'oa. Hakuna aliyetoa. Aliomba tena.

Bi Maritza alikumbusha kwamba mwaka juzi mti wa mtoto Emilia ulikauka Februari ukang'olewa, na Machi Emilia akalazwa. Don Custodio alisema yeye hawezi kutia jembe mahali palipoandikwa jina la mtoto aliye hai. Mwenyekiti alikiri kwamba tangu Emilia hakuna mti uliowahi kung'olewa, na kwamba hilo ndilo linalotuponza. Kisha akaeleza kwamba na yeye, kama mti ungekuwa wa Rayén, asingeweza.

Ilipendekezwa Katibu atoke kwa kuwa jambo linamhusu. Katibu alikataa, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuandika. Aliomba nafasi ya kusema na akapewa.

Katibu alisema: "Amaro yuko nyumbani kwa dada yangu, anakula humita ya mahindi na amejipaka hadi masikioni. Huyo ndiye mwanangu. Hapa nje kuna mti tu, na unawaambukiza wenzake. Mimi naitoa hoja. Ila nisaidieni kufanya haraka, kabla sijabadili mawazo."

Hoja iliungwa mkono na Mwenyekiti. Wote watano waliafiki.

Kikao kilisimama saa 5:40 na kuhamia bustanini. Don Custodio alifungua skrubu za kibao na kumkabidhi Katibu. Mti ulivikwa mfuko mkubwa mweusi kutoka juu, polepole, utitiri usije ukadondoka. Mwenyekiti alishika mdomo wa mfuko upande mmoja, Katibu upande wa pili. Bi Jimena alikata shina. Mfuko ulifungwa kwa waya na kuwekwa juani juu ya bati. Mizizi ilichimbwa. Wote walibadili aproni na kunawa hadi viwikoni. Bi Maritza alibaki mlangoni. Alisema mikono yake ndiyo iliyoleta balaa, asingependa iguse kitu.

KUMB. NA. 6/4/2025: MAFUTA YA AMARO
Mpika mafuta alieleza kwamba miti haifanani. Aina ya Amaro ilipatikana baada ya miaka miwili ya kujaribu. Kabla yake alikuwa akianguka mara kumi na mbili kwa siku. Alipoipata ikawa mara mbili kwa mwezi. Kupandikiza tawi la mti uliong'olewa ni kupandikiza utitiri, hivyo aina hiyo imetutoka. Mafuta ya mti wa mwingine yanaweza kumfaa, yanaweza yasimfae, na itabidi aanze kwa tone moja.

Mavuno ni tarehe 7 Aprili. Kukausha na kupika kutamalizika tarehe 25.

Don Custodio aliahidi theluthi ya mavuno ya Fermín. Alisema: "Lakini mwanangu Yasna, nikiingiwa na utitiri na mimi, nimekuahidi hewa." Bi Jimena na Mwenyekiti waliahidi kutoa kadiri ya kitakachopona. Bi Maritza alisema hawezi kuahidi maua ambayo hajui kama kesho atakuwa nayo, na kwamba Benicio naye ni mtoto. Katibu alisema anamwelewa. Hilo ni kweli na limeandikwa bila kinyongo.

AZIMIO: Familia tano zenye miti safi ziulizwe kwa maandishi kama zitamgawia Amaro. Kumbukumbu hizi ndiyo hayo maandishi.

KUMB. NA. 7/4/2025: UTUNZAJI HADI MAVUNO
Iliamuliwa: kupangusa majani kukome kabisa. Salamu ziendelee kwa atakaye, kwa mbali. Chini ya majani ya miti minne yenye utitiri pamwagiwe maji alfajiri tu, ili maua yakauke kabla ya saa sita yasije yakaota ukungu. Mwenye zamu aanze na miti safi, amalizie na mibovu, asirudi nyuma. Asitoke kwenye nyanya au maharage akaingia bustanini na nguo zile zile. Karatasi ikaguliwe kila baada ya siku mbili. Uagizwe utitiri mwindaji, ule unaokula huu wetu bila kugusa mmea, uje kwa basi kutoka Quillota ukiwa kwenye baridi.

Mwenyekiti aliuliza itakuwaje iwapo miti minne nayo itafikia hali ya wa Amaro. Kikao kilikubaliana kwamba itang'olewa, na kwamba hakutakuwa na kupiga kura tena.

KUMB. NA. 8/4/2025: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kutotukanana sana na kufunga kikao saa 7:20 mchana.

Ercilia Olmos, Mwenyekiti ..............................
Yasna Farías, Katibu ..............................

VITU AMBAVYO BADO HAVIJALETWA, HADI LEO TAREHE 24
Lenzi mbili, tuliyonayo imepasuka.
Aproni nne, zilizochemshwa, zikiwa ndani ya mfuko uliofungwa.
Karatasi nyeupe. Karatasi ya jana: Rayén nukta kumi na nne, Benicio ishirini na moja, Gaspar tano, Tapia tatu.
Mtu wa kupokea kifurushi cha utitiri mwindaji kituoni Alhamisi na kukiweka kivulini.
Majibu ya familia tano, ndiyo au hapana. Hapana pia ni jibu, nitalipokea.
Mafuta ya mwaka jana, ya mti wowote, hata yaliyobaki kwenye kitako cha chupa. Ya Amaro yanatosha hadi Jumatano tarehe 2 Aprili, dozi ya asubuhi. Ya jioni hakuna.