Benchi la Katani na Bwana Chuma

Jumatatu, 3 Machi

Imetoka! Safu yangu, ukurasa wa nane, bila kukatwa hata mstari. Nimemwambia Bwana Chuma mbele ya wasomaji wote: benchi la plastiki iliyochanganywa na nyuzi za katani litambeba yeye na tumbo lake, juani, saa sita mchana, Jumamosi hii. Likivunjika, naiacha safu. Moja kwa moja!

Yeye anauzia shule madawati ya chuma. Juzi aliandika kwamba katani ni ya kufungia mbuzi. Mbuzi!

Mdogo wangu, injinia wa mambo haya, kasoma gazeti akiwa kasimama mlangoni mwa karakana yake. Zamani palikuwa duka la mikate. Tanuri bado lipo. Akaniuliza kama nina akili timamu. Benchi lenyewe hajalitengeneza.

— Basi litengeneze, nikamwambia.

Wifi, mkewe, kacheka mpaka kakaa sakafuni.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma, nimeshika, nimeelewa. Plastiki peke yake (tunatumia ndoo zilizopasuka) ukiikalia juani inalegea. Nyuzi ndizo zinazoishikilia, kama nondo ndani ya zege. Ila lazima zikauke kabisa, la sivyo mvuke unauacha ubao na malengelenge. Tumezikausha tanurini, tukazipanga kwenye kalibu, lile sanduku la kuupa ubao umbo, tabaka la katani, tabaka la plastiki. Mikono inaniwasha. Raha tupu!

Kisha nikaharibu.

Plastiki iliyeyuka polepole mno, nzito, ya kujivuta. Mimi na vitu vya polepole hatupatani. Mdogo wangu alipotoka kupokea simu, nikaongeza moto. Ikatiririka vizuri ajabu! Nikajipongeza kwa sauti. Halafu harufu — kama gazeti linaloungua.

Ubao ukatoka wa kahawia, unang'aa, mzuri wa kupigwa picha. Mdogo wangu akauweka gotini. Kak! Vipande viwili, kama biskuti.

"Dada, plastiki inayeyuka kwanza, katani inaungua baadaye kidogo. Sisi tunafanya kazi hapo katikati. Wewe umepitiliza."

"Ungeniambia!"

"Nimechora mstari mwekundu kwenye kipimajoto."

Kweli upo. Nilidhani pambo.

Wifi akaokota kipande, akakinusa. "Na huyu ndiye wakili wa katani!"

Ijumaa, 7 Machi

Nimepigwa marufuku kukaribia moto. Nachana nyuzi tu, kama mtu anayesuka nywele za jitu.

Ubao mpya umetoka! Rangi ya mchanga, nyuzi zinaonekana ndani. Mdogo wangu akaupinda — ukapindika, ukarudi. Tukapiga kelele hadi fundi viatu wa jirani akaja mbio kuuliza kafa nani.

Lakini mawingu wiki nzima. Juani hatujaujaribu. Kesho likivunjika benchi, imevunjika na safu yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Jua! Kali, la kisasi. Naandika haya nikiwa juu ya benchi lenyewe.

Bwana Chuma kaja na wanawe wawili, wanene kumshinda. Ujanja mtupu!

"Mwandishi, hukusema nije peke yangu."

Sikusema. Wakakaa wote watatu. Benchi likaguna, likabonyea unene wa kidole. Watu waliokuja kutazama wakasogea karibu. Mdogo wangu kafumba macho. Mimi hasira ikanipanda, nikaketi nao, na mkoba wangu wa vitabu mapajani.

"Wifi, utatuua!" mke wa mdogo wangu kapiga ukelele.

Bado limebonyea unene uleule. Halijaongeza. Vijana wameshindwa na jua, wamekimbilia kivulini, na ubao ukanyanyuka chini yetu, kidogokidogo — niliuhisi! Baba yao kabaki. Ubao unachoma, tunabadilisha tako. Kaugonga kwa pete, kaukwaruza kwa ukucha, kainama kuchungulia chini yake.

"Huu ubao wenu," kasema, akitazama barabarani, "hauwezi kutoka mrefu zaidi? Wa kukaa juu ya miguu ya chuma?"

Mdogo wangu kafumbua jicho moja.

Nina jibu. Kali, tamu, la kumaliza mtu. Habari za mbuzi zimo. Lipo hapa, kwenye ncha ya ulimi.

Mdogo wangu katoa mfukoni kalamu nyekundu, ileile ya mstari wa kipimajoto. Kaiinua tu, nione.

Bwana Chuma anauliza naandika nini, mbona simjibu. Nimesogea kumpisha akae vizuri, nimemwambia: "Unautaka mrefu kiasi gani?"